Baraza Langu, Ambalo Si Kichanja

Jumatatu, 19 Mei 2025
Nimeamua. Nitajenga baraza la mbao nyuma ya nyumba, pale mteremko unapoanza kushukia kwenye majabali. Sababu ya kitaaluma: kikundi chetu cha kujisomea cha Kidato cha Tatu kinatafuta mahali pa kukutania. Sababu nyingine: Luciana ni mwanakikundi. Tangu Kidato cha Kwanza nimemwambia neno moja tu, "Samahani," na hata hilo niliuambia mgongo wake.
Mwenzetu Calist ametangaza kuwa kwao kuna varanda ya vigae. Varanda! Nikasikia sauti yangu ikiwakaribisha wote kwetu Jumamosi. Sijui ilitoka wapi.

Jumanne, 20 Mei
Mjomba Antipasi amenipa nguzo za mikaratusi na mabanzi yaliyobaki alipojenga zizi. Akauliza kichanja ni cha kuanikia nini. Nikamweleza kwa heshima kwamba si kichanja, ni baraza. Akasema sawa, ila kitu chenye miguu kilichosimama nyuma ya nyumba, yeye na ukoo wake wote hukiita kichanja.
Meza hutulia kwa sababu miguu yake ni sawa. Hiyo ni kanuni. Nimekata nguzo zote urefu mmoja, kwa kupima na kamba. Mjomba akauliza kama nimeutazama mteremko. Nikamjibu kuwa nimeutazama sana, una mandhari nzuri.

Jumatano, 21 Mei
Nguzo zimesimama. Mabanzi yamepigiliwa. Kidole gumba pia, kidogo.
Baraza limeinama! Limeinama vilevile kama ardhi iliyo chini yake. Nimeweka limau upande wa juu. Likaondoka bila kuaga. Nimefikiri sana. Kosa ni la ardhi.
Calist amepita na baiskeli, akauliza kama Jumamosi waje na kamba za kujifungia. Nilipata jibu zuri sana. Alikuwa ameshafika kwao.

Ijumaa, 23 Mei
Nimerudi kutoka shule. Msiba! Bibi amelijaza baraza langu vichwa vya alizeti. Anasema mbuzi wamemtesa vya kutosha pale uani, na sasa amepata kichanja. Nikamwomba kwa upole avishushe, kesho nina wageni. Akataka kujua ni wageni wa namna gani wanaoogopa alizeti.
Nimemsaidia kupandisha vilivyobaki.

Jumamosi, 24 Mei
Walikuja wote. Wakamwamkia Bibi, shikamoo kwa pamoja, wakafungua mabegi. Bibi akasema vitabu havikimbii. Akamgawia kila mmoja fimbo, kwani kwake hakuna anayekunja mikono wakati wa mavuno, awe mgeni awe nani. Wakapiga alizeti upande wa juu. Mbegu zikateremka zenyewe hadi kwenye gunia alilolitega chini!
Bibi akapiga kigelegele. Akawatangazia kuwa mjukuu wake Naftali ndiye aliyeibuni akili hiyo, mnamwona kimya hivyo lakini kichwani kumejaa. Sikukanusha.
Nikaleta kiti cha plastiki, nikakaa juu kabisa na kitabu ili nionekane nimezama katika mawazo. Kiti kikaanza kutembea. Polepole, kwa adabu. Sikuona la kufanya, nikaendelea kusoma. Kikasimama miguuni pa Luciana, kando ya gunia.
Nikamwambia, "Samahani." Safari hii usoni! Alicheka hadi akakaa chini.
Calist akapendekeza wiki ijayo tukutane kwao, ambako viti hukaa vilipowekwa. Wakanyoosha mikono wote. Hata mimi nilinyoosha. Nilikuwa namtazama Luciana, naye alikuwa amenyoosha.

Jumapili, 25 Mei
Baada ya ibada Luciana alinifuata. Mwenyewe! Akasema mama yake amesikia habari ya kichanja, naye anataka kingine kama kilekile, ambapo mbegu zinashuka zenyewe. Akauliza kama nitaweza. Nikaitikia kwa kichwa, mara nyingi mno.
Nimeshakwenda kupaona. Kwao ni tambarare kabisa, kama uwanja wa mpira! Hakuna mteremko wa kuniharibia kazi. Jioni hii nimekata nguzo zote, urefu mmoja, kwa kamba ileile. Mjomba Antipasi ameuliza mbegu zitateremkaje.
Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Safari hii baraza litanyooka kama meza.