Lori Lisilo na Mahali pa Mama Mkwe

Itaka, Mbozi
Mwezi wa sita, 1954

Kwa Bwana Mwenye Lori la Kijani,
Dukani kwako, Mbeya.

Bwana,

Mtu mzima na duka lako, unanunua gari kubwa kama ghala, unalipaka rangi, unalitia honi, wala humuulizi hata mwanamke mmoja mwenye wakwe litakaliwaje. Ulidhani litabeba chumvi tu? Haya, limenibeba mimi. Sasa kaa chini usome, na kama una karani wa kukusomea, mwambie asiruke mistari. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Nilisoma misheni mpaka nikabatizwa, basi, lakini herufi zangu zinasimama wima kuliko za wengi walioendelea.

Mimi ni Tulinagwe, mama yake Roda. Roda ameolewa na Mika, dereva wako, yule anayepeleka vyakula machimboni Saza. Nilikwenda huko kumlea binti yangu alipojifungua. Kichanga kilipopata nguvu ukasema lori linakwenda Tunduma tupu kuchukua mzigo, basi Mika apakie mke na watoto, wakamwonyeshe mtoto kwa wazazi wa Mika, na mimi wanishushe njiani Mlowo, nirudi kwangu Itaka. Hapo ulifanya vizuri, nakushukuru. Shukrani zinaishia hapo.

Ujue desturi kwanza, maana ninyi wa dukani hamuulizi. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Si ugomvi, ni heshima. Tangu Roda aolewe sijauona uso wa Mika, ingawa naambiwa ni uso mzuri. Nyumbani jambo hili halisumbui mtu: yeye akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea kwa nyuma. Lakini mlango wa nyuma wa lori lako unatokea barabarani, na barabara inakimbia.

Siku za kwanza za safari nimezisamehe. Nalalamikia siku ya mwisho, kutoka Mbeya mpaka Tunduma.

1. Kioo. Mbele ya dereva umetundika kioo kinachotazama nyuma, na mgongoni pake kuna kidirisha. Roda na kichanga walikaa mbele. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya magunia matupu, pamoja na wajukuu zangu Ruti na Boazi. Kila nikiinua kichwa, kioo kinanitafuta. Mtu wa heshima hutazama mbele, gari la heshima pia. Ikabidi nilale, nijifunike blanketi toka utosini mpaka nyayoni, nimeze vumbi.

Mbalizi tukasimama kutia maji. Wanawake wa sokoni wakaona watoto wawili wamekaa kando ya mtu aliyefunikwa gubigubi. Wakauliza, "Ni nani huyo, wanangu?" Boazi akajibu, "Ni bibi yetu." Hakusema uongo. Mama mmoja akaanza kulia, wanaume wakavua kofia, nikasikia nikisifiwa wema na watu wasionijua. Ningefanyaje? Kuinuka ni kutazamana na mkwe kiooni, na soko lile lingebaki tupu. Nikatulia. Watoto wakapewa ndizi na karanga za pole, wakazila wakiwa wameegemea miguu yangu.

2. Wajumbe. Kwa kelele za injini yako, neno halifiki mbele mpaka mtu aweke mdomo kidirishani, na mimi pale sisogei. Basi maneno yote yakawa yanapita kwa Ruti, ambaye meno ya mbele hana. Nikamwambia, "Mwambie baba yako aende polepole, kiuno changu si cha chuma." Akaenda, akasema aliyosema, lori likasimama penye miwa. Akarudi. "Baba anasema tule miwa." Tukala miwa.

Mbele kidogo, "Baba anasema utukatie kuku." Kuku huyo alikuwa ndani ya kikapu changu, amekaangwa, Roda alinipa niende naye nyumbani kama asante ya kumlea. Lakini mkwe akituma neno, unalirudisha kwa mdomo gani? Nikamkata. Kumbe Mika naye huko mbele alikuwa anaambiwa, "Bibi anasema usimame, Boazi ana haja," na "Bibi anasema tuimbe," naye hawezi kunikatalia. Watu wazima wawili tukatawaliwa na kitoto kutwa nzima, kila mmoja akidhani anamheshimu mwenzake.

3. Mlowo. Hapa ndipo penye kidonda. Kijana wangu Timotheo alikuwa ananingoja njia panda na baiskeli. Nikamwambia Ruti mapema, "Nenda, sema bibi anashuka." Akaenda. Akarudi, akakaa. Nikamuuliza chini ya blanketi, "Umesema?" "Nimesema." "Naye?" "Amekubali." Lori likapita Mlowo kama halina deni na mtu. Baadaye ndipo nilipojua aliyosema: "Bibi anasema anakuja na sisi mpaka kwa babu." Hakutaka tuachane, ndiyo sababu yake yote.

Timotheo akatufuata akipiga kengele. Nikatoa mkono mmoja nje ya blanketi, nikaupunga kwa nguvu nikimwita. Naye akapunga wake, akaniaga vizuri, akageuza baiskeli.

4. Tunduma. Bwana, mama mzaa mke hafiki kwa wakwe zake mara ya kwanza na mjukuu mchanga isipokuwa na unga kichwani, kuku mkononi na wanawake wenziwe wakiimba. Mimi nilifika na maganda ya miwa kwenye kilemba. Mama yake Mika, anaitwa Ferista, mwanamke mwenye adabu zake, akaja mbio kunitua mzigo kama inavyopasa. Akapokea kikapu, akakifunua mbele ya wageni ili zawadi ionekane. Ilionekana mifupa.

Hakucheka. Angecheka ningepumua. Akasema, "Karibu, mkwe mwenzangu, safari huchosha," akanikamatia kuku wake mwenyewe, tetea mzima. Mimi niliyepaswa kutoa kuku, nikapewa. Walikuwepo na ndugu zao wa ng'ambo, Nakonde. Kwa hiyo habari imevuka mpaka, iko chini ya serikali nyingine, sina pa kuishtaki.

5. Deni. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Wakati wote wanaitazama mifupa ile, Mika alikuwa nje amenipa mgongo. Akaiambia nguzo ya nyumba, kwa sauti ya kusikika: "Nguzo, usimlaumu mtu. Kuku yule nilimla mimi, njaa ya barabarani ilinishinda." Hakuonja hata bawa. Aibu yangu akaibeba yeye, mbele ya mama yake mzazi, akaitwa mlafi na shangazi zake hapohapo. Nami sina ruhusa ya kumwambia asante. Nguzo ile ni yao, si yangu, siwezi kusema nayo.

Basi jina langu limebaki Tunduma, limechafuka, na la mkwe wangu limechafuka juu yake, na chanzo ni gari lako. Kwa hiyo nataka hivi. Kioo kile king'olewe. Kati ya dereva na nyuma pajengwe ukuta wa mbao. Uajiri mtu mzima wa kupeleka maneno, mwenye mvi, asiyependa miwa, na watoto wakatazwe kabisa kazi hiyo katika lori lako. Kahawa ikishachumwa, lori hilo lije Itaka, Mika akiliendesha, linichukue na unga, kuku, ndizi na wanawake wa kuimba. Tuingie Tunduma mchana, honi ikilia kuanzia njia kuu, tupite mbele ya nyumba ya Ferista, tugeuze, tupite tena, ndipo tusimame. Nauli usiitaje. Vumbi la lori lako nililobeba kwa nguo zangu linatosha.

Wasalimie wa nyumbani kwako, na karani wako, na wale wanaokupakilia mizigo. Wa kwangu wote hawajambo, isipokuwa kiuno.

Mimi mwenye haki yangu,
Tulinagwe, mama Roda.

Neno la nyongeza: Nimeisoma barua kwa jirani yangu Marita, naye ameniuliza huyo mtu mzima wa maneno atakaa wapi, maana akikaa yeye, unga unabaki. Halafu nikafikiri. Mtu wa namna hiyo angefikisha maneno yangu kama nilivyoyasema. Ningeshuka Mlowo. Nisingemwona Ferista akimpokea mjukuu wetu kwa mikono miwili, wala nisingesikia ilichoambiwa nguzo. Huyo usimwajiri. Ukuta nao uache, mbao zina kazi nyingine. Kioo kibaki, ng'ombe wa njia ile hawana akili, blanketi ninalo. Ruti aje, akae kidirishani, na umwambie mapema aanze kufikiri namna atakavyompa baba yake asante yangu, aizidishe anavyojua. Lori liwe limeoshwa.