Balozi na Fundi wa Friji

Balozi hakuwa balozi wa nchi yoyote. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu tai haikumtoka shingoni hata siku za jua kali, na kwa sababu aliziongelea nchi za ng'ambo kama mtu anayeongelea chumba chake cha kulala. Mpaka wa nchi yake mwenyewe hakuwahi kuuona. Kazi yake, ukiyaondoa maneno matamu aliyoifungia, ilikuwa kuwauzia watu ujuzi wasiokuwa nao.

Ng'ambo, aliwaambia wateja, hawatafuti watu, wanatafuta ujuzi. Kuna orodha ya kazi zilizokosa wafanyakazi. Kuna alama za umri, alama za lugha, alama za miaka uliyofanya kazi. Mwenye alama za kutosha hupewa viza, akikaa miaka kadhaa hupewa ukaazi wa kudumu, yeye na mwenzi wake na watoto wake. Mpaka hapo Balozi alisema kweli. Uongo ulianza alipofungua droo ya mihuri. Karani wa benki aliingia ofisini asubuhi akiwa karani, akatoka mchana akiwa dereva wa winchi mwenye uzoefu mrefu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mtu wa miwani na kikohozi cha heshima, aligeuzwa mchinjaji. Mwenye Nyumba, ambaye jengo lenye ofisi ile lilikuwa lake pamoja na mengine kadhaa mtaani, hakuwa na shida ya kwenda popote, ila hakuvumilia kusikia kuna kitu kinagawiwa na yeye hayumo. Huyo akawa mfugaji wa nyuki. Nyuki aliwaogopa kupita kiasi, lakini ndiyo nafasi iliyokuwa imebaki.

Msomaji asikimbilie kuwahurumia. Hakuna hata mmoja wao aliyedhani anapita njia iliyonyooka. Kila mtu alijua cheti chake kimepikwa, na akafurahi kimepikwa vizuri. Walichoamini ni kwamba watakaodanganywa ni maofisa wa ng'ambo, si wao. Wajinga ndio waliwao, wahenga wamesema, na wenye tamaa hujileta wenyewe wakiwa wameshajipaka chumvi.

Kila Jumamosi walikusanyika ofisini kujizoeza usaili. Balozi alikaa nyuma ya meza, akawa ofisa.

"Wewe ni mchinjaji," alimwambia mwalimu mkuu. "Nieleze unavyoianza siku yako kazini."

Mwalimu mkuu akakohoa. "Kwanza nahakiki mahudhurio."

"Mahudhurio ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Balozi alimsifu, akasema hilo ni jibu la mtu aliyeiva. Wengine wakaliandika.

Lakini za mwizi ni arobaini, na Balozi alikuwa akizihesabu zake kimoyomoyo. Alikuwa amewaahidi wateja kusafiri kabla ya mwaka kwisha, kisha kabla ya mwaka uliofuata, na sasa visingizio vilianza kuchakaa. Mwenye Nyumba alikuwa akipanda ngazi na kuingia bila kubisha hodi. Alikaa tu, akamtazama, akashuka. Balozi alielewa kwamba kabla watu hawa hawajafumbuka macho, yeye lazima awe mbali, tena mbali kwa kudumu, mahali ambapo hakuna atakayempandia ngazi. Kwa mara ya kwanza maishani akaitamani kwa dhati ile bidhaa aliyokuwa akiiuza.

Siku moja friji ya ofisini ikafa. Ndiyo iliyokuwa ikipoza soda za kulainishia wateja, kwa hiyo fundi akaitwa haraka. Akaja mwanamke wa umri wa kuweza kuwa mdogo wake, ndani ya ovaroli, na mfuko wa vifaa begani. Akaivuta friji ukutani kama anayemtoa mtoto mtundu uvunguni. Akiwa amelala chali nyuma yake, simu yake ikaita. Akaipokea kwa lugha ya ng'ambo, akaongea haraka, akacheka, akaaga.

Balozi aliambulia nusu ya mazungumzo, na nusu hiyo ilimtosha. Kampuni ya maghala ya baridi huko ng'ambo ilikuwa imempa huyu dada ajira. Mtihani wa lugha alikuwa ameshaufaulu. Kilichomkwamisha ni gharama za viza na tiketi tu, na kampuni ilikuwa tayari kumsubiri.

Anayeuza shaba akiiita dhahabu, dhahabu yenyewe huijua kuliko sonara. Balozi akakumbuka maneno aliyoyarudia mara elfu bila kuyafikiria: yeye na mwenzi wake.

"Dada," alisema, "umeolewa?"

"Friji yako imeishiwa gesi," Fundi alijibu kutoka nyuma ya friji. "Hilo ndilo uliloniitia."

Alipotoka huko Balozi akamwaga sera. Angelipa kila kitu, tangu cheti cha polisi hadi kiti cha ndege. Naye Fundi angemchukua kama mume, mume wa karatasi tu, na wakishafika na kupata ukaazi kila mtu ashike njia yake. Fundi alimtazama jinsi alivyoitazama friji, kwanza nje, kisha ndani. Akasema yuko tayari kufikiria, ila lazima azungumze na mama yake. Balozi akacheka rohoni. Mwanamke mzima, fundi wa vyuma, bado anamwuliza mama.

Huyo mama alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya upole, na alimwita Balozi "mwanangu" kabla hajakaa vizuri. Alieleza kwamba yeye hana makuu. Ila binti ni mmoja, na mkwe hujulikana kwa mkono. Siku hiyo paa la nyumba lilikuwa likivuja. Wiki iliyofuata lilikuwa limezibwa kwa gharama ya Balozi, na mama akagundua kwamba chini ya paa zuri kuta zilikuwa zinamwaibisha. Kila alipotaka kukataa, mama alimpa chai na kumwambia, mwanangu, huko mwendako mtanisahau. Mjanja wa mjini akarudi nyumbani mifuko mitupu akijiona ameshinda.

Fedha hizo hazikudondoka mbinguni. Balozi alizua ada mpya. Mwalimu mkuu alilipia kipimo cha ukali wa kisu. Mwenye Nyumba alilipia uthibitisho wa nyuki, na alipouliza nyuki wenyewe wako wapi akaambiwa wanathibitishwa.

Siku ya kujaza maombi, Fundi alikuja ofisini na kompyuta ndogo, akaketi mbele ya Balozi kwa adabu.

"Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya," alisema. "Nijaze nimeolewa au sijaolewa? Maana nimesoma kwamba mseja anapata alama nyingi zaidi, na mume asiye na ujuzi anazipunguza za mkewe. Ni kweli?"

Tangu aifungue ofisi ile Balozi hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa kanuni alizoziuza. Alizisikia mitaani, akaziongezea tai. Mtu wa kawaida angesema sijui, ngoja nikaangalie. Lakini neno sijui lingeweza kumwangusha mbele ya mwanamke huyu, na kiburi ni mzigo ambao mwenye nao hautui hata anapozama.

"Ni kweli," alisema. "Ndiyo kanuni."

"Basi najaza sijaolewa. Nikishafika tunafunga ndoa, halafu nakuita. Au kanuni inasemaje?"

"Inasema hivyo hivyo. Nilikuwa nakupima tu."

Fundi akajaza, akasoma tena kila mstari, akatuma. Ombi lilikuwa la kweli kutoka juu hadi chini: cheti cha kweli, kazi ya kweli, mwanamke wa kweli asiyeolewa. Likakubaliwa. Hiyo ndiyo viza pekee ya halali iliyowahi kulipiwa kutoka ofisi ile, na ililipiwa na nyuki.

Kwenye uwanja wa ndege mama alilia kidogo. Balozi alilia kuliko mama, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza. Alirudi, akapanga sanduku, akaliweka nyuma ya meza ya ofisini, akasubiri kuitwa.

Wateja nao walikuwa wakisubiri, na uvumilivu wao ulikuwa umefika mwisho. Walipompandia ngazi kwa pamoja, Balozi alifanya kosa ambalo mwongo hufanya mara moja tu: aliwaambia ukweli. Akawaonyesha picha ya Fundi amesimama mbele ya ghala, theluji miguuni.

"Huyu nimempeleka mimi," alisema.

Mwenye Nyumba aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema anataka kuisikia sauti ya huyo dada. Balozi hakuona ubaya. Akapiga, akaweka simu mezani sauti ikiwa wazi, wote wakaizunguka. Fundi alipokea kwa furaha, akasalimia. Balozi akamwomba awaambie wateja ni nani aliyegharamia safari yake.

"Ni Balozi," Fundi alisema. "Kila kitu. Mungu amzidishie."

Watu wakanong'ona kwa heshima. Balozi akanyoosha mkono aifunge sauti, aendelee na mazungumzo yake ya siri, lakini kiganja cha Mwenye Nyumba kilikuwa kimeshaifunika simu. "Acha tusikie," alisema. Balozi hakuweza kungoja siku nyingine, akauliza kwa fumbo.

"Na lile jambo letu, dada?"

"Lipi?"

"La mume."

Fundi akaongea bila hasira, kama anayemwambia mtu kwamba friji yake haitengenezeki tena.

"Kaka, nilikuuliza mapema na ukaniambia ndiyo kanuni. Mume asiye na ujuzi anapunguza alama, na mimi ukaazi wa kudumu bado ninautafuta. Jana nilikaa na ile fomu jioni nzima, pale wanapouliza mwenzi wako anajua kazi gani. Nikakosa cha kuandika. Hebu niambie ukweli, unajua kufanya nini?"

Balozi akafungua mdomo. Mdomo huo ulikuwa haujawahi kumwangusha. Alitafuta, akatafuta tena, na ndani hakukuwa na kitu. Ilimuuma, na haikumuuma kwa sababu ya fedha. Fundi akasubiri, akamwambia mama anamsalimu, akakata simu.

Sasa watanipiga, Balozi aliwaza, na karibu alitamani wampige. Lakini mwenye tamaa husikia fungu lake tu. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaandika kwamba mseja hupata alama zaidi, naye akawa anaitazama pete yake ya ndoa kwa jicho baya. Mwenye Nyumba macho yalikuwa yamemlowa.

"Kumbe inawezekana," alisema. "Kweli umempeleka."

Kisha akaliona sanduku. Hakugomba. Aliuingiza mkono wake kwenye koti la Balozi, akatoa pasipoti mpya isiyo na muhuri hata mmoja, akaifungua, akaifunga, akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Wakala kama wewe anaweza kuibwa na mtaa mwingine," alisema kwa upendo. "Hii nitakutunzia. Siku mtu wa mwisho kati yetu atakapopanda ndege, utakuja kuichukua."

Balozi akawatazama mmoja mmoja. Akisema kweli, ni jela, kama atafika huko akiwa mzima. Akinyamaza, hataondoka mpaka watu hawa wote waondoke. Nao walikuwa wakimtazama kwa imani ambayo hakuwahi kuiona machoni mwa mtu yeyote.

"Sawa, mzee," alisema.

Mwenye Nyumba akamvutia kiti, akampangusia vumbi, na foleni ikajipanga mpaka kwenye ngazi.