Mgahawa wa Kifaransa wa Kidato cha Pili

Jumatatu, 21 Julai. Asubuhi baridi na manyunyu. Mlima Meru hauonekani kabisa.

Mwalimu wa Kifaransa ameacha kazi. Tumebaki wawili wa kujitolea, mimi na Madam Aika. Ijumaa Mkuu wetu, Mwalimu Philemoni, ataajiri mmoja. Mada ya wiki ni vyakula na vinywaji. Mpango wangu tayari: nageuza darasa kuwa mgahawa. Wanafunzi wataagiza wenyewe. Je voudrais du lait, yaani ningependa maziwa. Kitambaa cha meza nimekipiga pasi mara mbili. Aika hana hata chaki za rangi. Namhurumia.

Jumanne, 22 Julai. Ukungu.

Nilipika mtori wa ndizi na nyama, chapati na chai ya maziwa. Vyombo vya kabatini kwa mama, vile vya wageni. Nikawapokea mlangoni, nikawanawisha mikono, nikawauliza kwa Kifaransa wangependa nini. Lemayian akainamisha kichwa, akasema amekula nyumbani. Kwa Kiswahili. Naisiae akasema ameshiba, asante Madam, usijisumbue. Darasa zima limeshiba. Nilipowabembeleza sana, mmoja akakubali maji, kama yapo.

Aika akaniambia kwa upole kwamba nimewakaribisha kama wageni, na mtoto aliyelelewa vizuri haagizi chakula kwa watu. Nadhani anakionea wivu kitambaa.

Yeye kwenye kipindi chake amefanya mnada, kama ule wa mavuno nje ya kanisa baada ya ibada. Nilisimama dirishani kwake mpaka chai yangu ikapoa. Un avocat! Parachichi likapanda bei hadi elfu kumi, zote kwa Kifaransa. Nathanael, ambaye hajawahi kunijibu kwa lugha yoyote, alinadi mayai kama mzee wa usharika, akamcheka mwenzake kwamba kwa bei hiyo atapewa maganda. Sijawahi kuona ufundishaji mzuri kiasi kile. Nimeamua kuuiba.

Alhamisi, 24 Julai. Jua kidogo, upepo.

Mkuu alikuja kuona somo langu. Nikamwalika na Aika, aone anavyoshindwa. Nikamkalisha mbele kwenye kiti chenye mto, karibu na Mkuu. Mnada ukawaka. Maziwa, ndizi, asali, jogoo mzima. Kifaransa kilitiririka. Mkuu akaacha kuandika, akawa anapiga makofi.

Naisiae akashinda maziwa. Akanipita mimi, akaenda kumkabidhi Aika kwa mikono miwili. Kanisani ndivyo ilivyo: anayenunua mnadani humzawadia mgeni wa heshima, na mgeni ni yule aliyekaa mbele kwenye kiti kizuri. Wote wakafuata. Hata Mkuu alimpandia bei jogoo, akashinda, akampa Aika.

Aika akamshukuru kila mtoto kwa jina, akamuuliza kwa Kifaransa zawadi yake inaliwa na nini. Wakamjibu. Lemayian akasema asali na mkate, vizuri kabisa. Nilijisikia fahari, nikapiga makofi. Kisha nikakumbuka ni kipindi changu.

Ijumaa, 25 Julai. Baridi tena.

Aika ameajiriwa. Anastahili, naandika bila kinyongo. Mkuu amesema somo langu ni bora kuliko yote aliyoyaona mwaka huu, hasa pale Aika alipoongea. Aika mwenyewe ameniombea klabu ya Kifaransa, kila Jumamosi. Bado kwa kujitolea. Dada wa aina yake ni wachache mjini hapa.

Nimetafakari kwa utaratibu, nimegundua kosa la Jumanne. Ni madawati. Mtoto akiona dawati anaogopa. Kwa hiyo klabu yote naialika nyumbani kwetu Kimandolu. Wakae sebuleni, mama awasalimie mmoja mmoja, mchungaji awepo kuombea chakula. Wakijisikia wageni hasa, wataagiza bila aibu.

Nazima taa, ni saa nne na nusu. Kwa furaha hii, usingizi hautakuja kabla ya saa sita.