Papo Hapo, Mara Arobaini na Kitu

Jumatatu, 3 Machi

Miaka kumi na mmoja katika ofisi hii ya kutafsiri Biblia, na bado nakalia kiti kinachoyumba. Ijumaa anakuja mshauri wa tafsiri kukagua Injili ile fupi. Akimaliza, atateua mhariri mkuu. Tuko wawili tu, mimi na Bibi Muktadha. Namwita hivyo kwa kuwa neno “muktadha” halimtoki mdomoni.

Tunagombania neno moja la Kigiriki, euthus. Limo zaidi ya mara arobaini. Mimi nasema kila lilipo tuandike “papo hapo”. Yeye anasema mara nyingi linasukuma tu hadithi mbele, “kisha” inatosha, na pengine tusiandike neno lolote. Neno lolote! Mtu analipwa kutafsiri maneno.

Jioni kaingia shemeji, kaka wa mke wangu, na begi la safari. Mama mkwe ana homa kali, hali chakula, ananiulizia mimi. Mke wangu akaanza kukunja nguo. Nikawaambia tutaondoka kesho.

Jumanne, 4 Machi

Hatukuondoka. Nimepata wazo.

Mshauri hapitishi rasimu mpaka isomwe kwa watu watatu ambao hawajawahi kuisikia. Wanaitwa mmoja mmoja, na kila mmoja anasimulia alichosikia kwa maneno yake. Tunawaita masikio mapya. Shemeji ni fundi baiskeli, anakaa mbali, ofisini hakuna anayemjua. Akisimulia kwa “papo hapo” tupu, Bibi Muktadha kwisha habari yake.

Mwanzoni alikataa, akasema mama yake ni mgonjwa. Nikamkumbusha nani alimtafutia kazi. Akaweka begi chini, akaketi. Nimemsomea sura ya kwanza mara sita, hasa pale Yesu na wanafunzi wake wanapoingia nyumbani, mama mkwe wa mwanafunzi mmoja amelala ana homa, na papo hapo wanamwambia Yesu habari zake. Hapo neno langu linakaa vizuri mno. Mke wangu alisimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho, halafu akaenda zake jikoni. Nadhani limemgusa.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kaondoka na basi la asubuhi, peke yake. Kaniachia ujumbe kwa shemeji. Nikumbuke ni nani aliyenifungulia mlango nilipokwenda kuposa na viatu vilivyotoboka, wakati baba mkwe hataki hata kuniona.

Nakumbuka sana. Mama mkwe alinipa viatu vya mumewe nirudi navyo. Ndiyo maana nataka kufika pale nikiwa mhariri mkuu, nimpe habari ya kumfurahisha. Mgonjwa hapelekewi mikono mitupu.

Shemeji hali chakula vizuri. Nimemsomea tena mara nne.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kapiga simu. Mama mkwe sauti imekauka, anaonyesha kwa mkono tu. Nikamwambia ukaguzi ukiisha tu, naja. Simu ikakatika. Mtandao wa huko mbovu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Wa kwanza alikuwa muuza magazeti. Kasimulia vizuri, bila “papo hapo” hata moja. Wa pili, mshona nguo, kauliza watu wa hadithi hii wanakimbizwa na nani. Bibi Muktadha akaandika kitu kwenye daftari lake.

Zamu ya shemeji. Karani akasoma mpaka wanapoingia nyumbani, akaweka karatasi chini. Shemeji akaanza, papo hapo hili, papo hapo lile, kama nilivyomfundisha. Wakaingia nyumbani. Nikamkonyeza anyamaze, lakini hakuniona. Akaendelea kwamba ndani alikuwamo mama mkwe amelala, ana homa, na papo hapo wakamwambia Yesu.

Hayo hayakuwa yamesomwa.

Mshauri akavua miwani, akamuuliza kayasikia wapi. Sebuleni kwa shemeji yake, akasema, akanitazama mimi. Halafu akasema mama yake naye ana homa, na yeye alimwambia shemeji yake tangu Jumatatu. Akalia, mtu mzima na ndevu zake. Sikujua nitazame wapi. Niliona aibu, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Kiti kapewa Bibi Muktadha. Hakunicheka. Kaniambia gari la ofisi liko nje, dereva anangoja, niende na shemeji sasa hivi. Ujanja huo naujua! Nikitoa mguu tu, atanifutia “papo hapo” zote. Shemeji kaondoka peke yake. Mimi nimebaki kuandika barua ya malalamiko, nimefika ukurasa wa nne.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alifariki jana asubuhi. Shemeji alimwahi. Kanieleza kwenye simu kwamba kila mlango ulipofunguliwa mama alinyoosha kidole, akitaka kujua kama ni mimi. Mke wangu hakutaka kushika simu.

Nimelia sana. Viatu vile bado ninavyo, nimevipiga rangi, nitavivaa.

Maziko ni kesho alasiri. Kuna basi la leo saa saba, lakini la kesho alfajiri nalo litawahi, na barua imebaki kurasa mbili tu. Shemeji anasema waombolezaji wamejaa, wamepita mia mbili, wengine wametoka mbali. Mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia rasimu yangu. Nimeweka sura ya kwanza kwenye begi, juu kabisa, nisihangaike kuitafuta.