Kilomita Elfu Nane na Mia Saba

Jumatatu, 1 Septemba
Wiki ndiyo inaanza na mimi nimeshachoka. Hajati Habibah, mwenye duka letu la tairi hapa Busia, ametangaza kwamba karani mmoja atapanda ndege hadi Guangzhou kukagua mzigo. Akirudi, tawi jipya la Tororo ni lake. Ni mimi au Wandera. Tororo naitaka: Acom wangu anafundisha huko, na baba yake hataki mkwe wa kubandika bei kwenye tairi. Ndege siitaki. Mahali pa juu kabisa nilipowahi kufika ni mwamba wa Tororo, na nilishuka kwa makalio.

Jumanne, 2 Septemba
Mpango: Hajati aogope, safari ifutwe, tawi litolewe kwa kuangalia elimu, ambayo namzidi Wandera. Nikampelekea hesabu. Nairobi hadi Guangzhou, kilomita elfu nane na mia saba. Saa kumi na moja angani bila kugusa ardhi! Akacheka hadi mtandio ukamwanguka. Akasema Ecodu mwanangu, juzi lori langu limelala siku mbili kwenye foleni ya mpakani Malaba, na Ibra dereva karudi amenenepa. Hicho chombo si angalau kinakwenda? Akaamua niende mimi, kwa kuwa njia nimeshaijua.

Jumatano, 3 Septemba
Sikulala. Mpango wa pili: kuikatakata hofu. Nipitie Addis Ababa, Dubai, Bangkok, vipande vifupi vya kuvumilika. Sumayah, anayekata tiketi za ndege duka la pili kutoka letu, akasema inawezekana, ila kaka yangu, panapotisha ni kupaa na kutua. Badala ya mara moja, utapaa mara nne. Nikaomba kiti. Nikaomba maji. Wandera alikuwa mlangoni. Amesikia yote!

Alhamisi, 4 Septemba
Wandera ananiita rubani. Pikipiki ikipita, ananiambia nifunge mkanda. Nimemwambia Hajati sikio linaniuma, daktari hataki nipae. Akanihurumia mno. Kwa mkono wa kulia akanipa mafuta ya habasoda ya kutia sikioni. Kwa mkono wa kushoto akampa Wandera tiketi.

Jumatatu, 29 Septemba
Wandera karudi. Anasema alilala njia nzima, hakuona hata wingu. Leo kahamia Tororo na funguo za tawi. Jioni Acom kapiga simu. Moyo ukaruka. Alitaka kujua kama yule meneja mpya ana mke.

Jumanne, 30 Septemba
Hajati kanipa nafasi nyingine: niende Mumbai, kisha nisimamie duka dogo la Mukuju, jirani na Tororo. Kilomita elfu nne na mia tano tu, saa sita hivi. Siwezi. Ila nimekaa nikafikiri kwa utulivu, nikaona kosa langu la mwanzo lilikuwa wapi: nilitumia kilomita. Nimeandika upya, kwa mita. Mita milioni nne na nusu! Kesho asubuhi nampelekea. Safari hii lazima aogope.