Ng'ombe Kwenye Kodi ya Mlangoni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeshinda! Kadi za harusi ya Selina nimepewa mimi, si Clemensi wa steshenari ya ng'ambo ya barabara. Baba yake Selina, Mzee Tluway, alikuja mwenyewe dukani. Nikamweleza kila kadi itakuwa na QR kodi, mlangoni naipiga kwa simu, haingii mzamiaji hata mmoja. Akashtuka. Akauliza kodi tena ya nini, kwani za serikali hazitoshi? Nikamtuliza: si ya kulipa, mzee, ni kile kipicha cha vidotidoti. Akasema sawa, ila upande wa bwana harusi wanatoka Ngorongoro, wakizuiwa mlangoni ni aibu ya ukoo mzima. Mlango ukienda vizuri, nitume washenga kwa ajili ya Marsela, mdogo wake Selina. Ukikwama, hata salamu nisimpe.

Washenga! Chakula cha mchana kimenishinda kwa furaha.

Jumanne, 3 Juni

Clemensi anawatengenezea watu kodi nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Matangazo ya msiba! Yangu nimeipaka nyekundu juu ya bluu iliyoiva, kama shuka la Kimaasai kabisa, wakwe wajione wako nyumbani. Katikati kichwa cha ng'ombe dume. Pembe zilikuwa hazionekani vizuri, nikamkuza. Ule ukingo mweupe wa pembeni nimeukata, hauna kazi.

Jioni Marsela akapita. Akauliza kama nimeijaribu. Nikamwambia asubuhi, kabla ya rangi, ilisoma chap. Akauliza, na baada ya rangi? Nikamwambia mtu akibadilisha shati habadiliki jina. Akaguna. Akaomba flashi yenye kazi yangu, eti ya kumbukumbu, na boksi la kadi azigawe yeye. Ananipenda sana huyu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwona Marsela akitoka kwa Clemensi! Anacheka! Na boksi langu kwapani! Nikamuuliza, akasema alifuata gundi. Gundi! Dukani kwangu gundi imejaa mpaka inaniganda viatuni. Clemensi akanipungia mkono. Nikajifanya nafuta kioo. Nimeumia, sitaki hata kuficha.

Jumamosi, 7 Juni

Nilisimama mlango wa ukumbi, suti, tai, simu mkononi. Wa kwanza alikuwa Mzee Meitamei, baba wa bwana harusi, na fimbo yake. Nikamwamkia, nikaelekeza simu kwenye kadi. Kimya. Nikaisogeza. Kimya. Nikafuta kamera kwa tai. Kimya! Nyuma yake foleni ya kina mama na shanga zao, vumbi la safari bado miguuni. Mzee Tluway ananikodolea macho. Clemensi naye yumo kwenye foleni. Nikawaona washenga wangu wakirudi hata kabla hawajaondoka.

Mzee Meitamei akaitazama kadi, akasema ng'ombe huyu ni mzuri, ila naona amekula malisho yote. Kisha akaigeuza, akauliza kwa upole, na hii ya nyuma?

Nyuma! Kibandiko cheupe, vidotidoti vyeusi. Pii! Akapita. Pii! Pii! Ukumbi ukajaa, vigelegele vikaanza. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Marsela akaninong'oneza kwamba Jumanne ileile alijaribu kadi ikagoma, akampelekea Clemensi flashi, akachapa vibandiko, wakavibandika pamoja kimoja kimoja. Asante Mungu! Asante Marsela! Clemensi alinipa mkono tu, hakumwambia mtu neno. Mzee Tluway akanikumbatia: kodi imekubali, mbele urembo, nyuma kazi, kijana una akili. Mkwe habishiwi, nikazipokea sifa.

Jumapili, 8 Juni

Nimelala usingizi mzito, moyo mweupe. Washenga wanakwenda wiki hii, Mzee amekubali. Nimekagua vile vibandiko vya Clemensi: kimoja kimekaa upande. Fundi gani huyo? Kadi za harusi yangu natengeneza mwenyewe, na flashi simpi mtu. Ng'ombe nimemtoa, kosa nimeliona. Mahali pake nimeweka uso wa Marsela, wote, mkubwa, na vidotidoti vya kijani juu ya kijani, kama mashamba ya kahawa ya Oldeani. Simu imekataa kusoma. Nadhani ina wivu.