Wanga Uliojificha Kwenye Chai ya Baba Dastan

Sapiwi, Bariadi,
Simiyu.

Kwa Ndugu Meneja wa kiwanda kinachotengeneza sukari isiyo na sukari,

Mwangaluka, mwanangu. Habari za hapo kiwandani, na mama yako hajambo? Sisi huku wazima, isipokuwa mume wangu, baba Dastan, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Mimi shule niliishia la tatu, kwa hiyo nikikosea adabu, wewe hesabu kwamba nimekosea herufi.

Baba Dastan ana kisukari. Vile vipakiti vyenu vya unga mweupe tunavinunua dukani kwa Hilali, Bariadi mjini. Mbele mmeandika HAINA SUKARI, maandishi makubwa, tukafurahi. Lakini akipimwa, sukari iko juu. Nesi Asumini amesema Jumanne ikiwa juu tena, anaanza sindano. Sasa huyu mwanaume anakamata dume la ng'ombe kwa pembe, ila sindano akiiona tu anatafuta mlango. Ameshafunga begi ahamie kwa kaka yake Mwandoya, na pamba ndiyo hiyo imepasuka shambani! Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Binti yangu Anna amesoma nyuma ya kipakiti, pale mlipoandika herufi za kusomwa na sisimizi. Amekuta jina refu, la kupumzika katikati, akasema huo ni wanga, mmeuweka kujazia kipakiti. Wanga si ndiyo ugali, mwanangu? Yaani mmempikia mume wangu ugali ndani ya chai, na mimi mkewe sina habari.

2. Kwa kuwa mlisema haina sukari, alikuwa anamimina vipakiti mpaka kijiko kinazunguka kwa shida. Angejua ni ugali, si angenawa mikono kwanza?

3. Hapa kwetu mtu akiingia nyumba ya watu bila hodi akajificha, tunapiga yowe, sungusungu wanakuja na fimbo. Wanga wenu umeingia kwangu bila hodi. Nimekwenda kwa kamanda wa sungusungu. Amekigeuza kipakiti huku na huku, akaniuliza akipige wapi. Umeona mnavyotutesea viongozi?

4. Usije ukasema kosa ni langu. Soda nimempiga marufuku, andazi marufuku, asali hata kunusa hapana. Chai anashushia na matobolwa tu, viazi vitamu vyetu vya kuchemsha na kuanika, sahani ya kujaa asubuhi na nyingine jioni. Hayo hayana sukari. Nimeyaanika mwenyewe, na sikuona mtu akiyamwagia.

5. Naomba Jumanne uje mwenyewe, ukae benchi moja na baba Dastan, utobolewe kidole wewe kwanza. Akiona meneja mzima hajalia, labda naye atavumilia. Na sindano ikiwepo, mgawane. Usiogope, nitakushika mkono, halafu nitakuchinjia kuku.

Wasalimie wote hapo kazini, na mlinzi wa getini, na hasa yule anayeandika zile herufi ndogo. Mwambie atunze macho yake, bado kijana.

Ni mimi mama yako, mwenye hasira na upendo,
Milembe Bundala (mama Dastan)

N.B. Barua hii haijapanda basi, Jumanne ikafika. Nilibeba vipakiti vyenu na sahani ya matobolwa, ili nesi aone mwenye kosa na asiye na kosa. Amesema ni kweli wanga wenu umo, ila kidogo, asimimine ovyo tu. Kisha akaitazama sahani, akacheka mpaka akashika meza. Kumbe vipakiti vya siku nzima havifikii matobolwa ya asubuhi moja! Basi futa namba moja mpaka nne. Namba tano ibaki, njoo hata kama Jumanne imepita: kuku yupo, na matobolwa gunia zima sasa halina mlaji. Maana nesi amesema sindano itasubiri, mradi matobolwa yawe mawili matatu tu. Baba Dastan kusikia matobolwa yanapunguzwa, amefungua begi, amepandisha shati, anauliza hiyo sindano iko wapi.